Alama ® na ™ kwenye pakiti za vyakula si hakikisho la ubora

WANUNUZI wengi wanapochukua pakiti ya unga au katoni ya maziwa dukani, huona herufi R ndani ya duara, ama herufi TM, zikiwa zimechapishwa kwa maandishi madogo kando ya jina la bidhaa. Baadhi yao hudhani kwamba hiyo ni ishara kuwa chakula hicho kimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa salama. Dhana hiyo si sahihi, na huenda ikamponza mlaji.

Alama hizo mbili zinahusu umiliki wa jina. Hazisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya pakiti.

Alama ® humaanisha kwamba jina, mchoro au nembo husika imesajiliwa kisheria. Humu nchini, usajili hufanywa na Taasisi ya Kulinda Ubunifu wa Viwandani (KIPI), kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Anayetuma ombi hutakiwa kutaja kundi la bidhaa anazokusudia kuuza. Unga, mkate, majani chai na kahawa ziko katika kundi la 30. Nyama, maziwa na mafuta ya kupikia ziko katika kundi la 29, ilhali maji ya chupa, soda na bia ziko katika kundi la 32.

Ombi likikubaliwa, hutangazwa hadharani na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kuiwasilisha. Usajili hudumu kwa miaka 10, na mwenye alama anaweza kuuhuisha kila muda huo unapokwisha. Nguvu ya usajili huishia katika nchi ulikofanyiwa. Hivyo basi, alama ® kwenye biskuti zilizotoka ng'ambo yaweza kuwa inahusu usajili wa huko zilikotengenezwa.

Alama ™ ina uzito mdogo zaidi. Ni tangazo tu la mfanyabiashara kwamba anadai jina hilo kuwa lake. Hahitaji kibali cha afisi yoyote ili kuitumia. Lakini anayeweka ® kwenye jina ambalo halijasajiliwa hutenda kosa la jinai.

Aidha, pakiti nyingine huwa na herufi C ndani ya duara, yaani ©. Hiyo ni alama ya hakimiliki, nayo hulinda kazi ya ubunifu kama vile picha na maandishi yaliyo kwenye pakiti yenyewe.

Hata hivyo, haimaanishi kwamba alama za biashara hazimfaidi mnunuzi. Sheria humzuia mshindani kuuza bidhaa yake kwa jina linalofanana na lile lililosajiliwa kiasi cha kuwakanganya watu. Hivyo, mnunuzi aliyeridhika na unga fulani anaweza kuutambua tena, na aliyedhurika ajue wa kumlaumu. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 iliongeza makali dhidi ya wanaoiga alama za wenzao.

Anayetafuta ishara ya ubora anapaswa kuangalia kwingine. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) ndilo hutoa alama ya viwango, ambayo ni lazima kwa bidhaa zinazotengenezwa humu nchini. Chini yake huwa na nambari ya kibali, ambayo mnunuzi anaweza kuithibitisha kwa KEBS. Alama ya Almasi, ambayo pia hutolewa na shirika hilo, huombwa kwa hiari na kampuni zinazotaka kuonyesha ubora wa juu zaidi. Bidhaa kutoka nje hubandikwa stika maalum ya KEBS.

Hata alama hiyo ya viwango si kinga ya milele, kwa kuwa kibali kinaweza kuondolewa. Mnamo Novemba 2019, KEBS ilipiga marufuku unga wa mahindi wa majina matano baada ya kugundua kiwango cha sumu ya aflatoksini kilichopita kile kinachoruhusiwa. Miongoni mwa majina hayo kulikuwa na yaliyofahamika vyema katika jikoni za Wakenya. Umaarufu wa jina haukuizuia sumu kuingia katika unga.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie kwanza alama ya viwango na nambari yake ya kibali, kisha tarehe ya mwisho ya matumizi, halafu jina na anwani ya mtengenezaji. Baadaye anaweza kuitazama ® kando ya jina. Itamwambia kwamba jina hilo lina mwenyewe. Usalama wa chakula, itabidi autafute katika alama nyingine.