Miwani Isiyo na Mstari: Ilikotoka, na Kwanini Humnunulii Mzee kwa Sapraizi

Ukipita Kariakoo, Mtaa wa Kongo au Msimbazi, hukosi kumwona machinga mwenye ubao wa miwani za kusomea. Mteja ana arobaini na ushee. Anajaribu ya kwanza, anakodolea boksi la simu, anajaribu ya pili, herufi zinatulia. Analipa, anasepa. Ngoma inaanza akiinua kichwa: kibao cha daladala ng'ambo ya barabara kimekuwa ukungu mtupu.

Hiyo ishu ya kuona karibu huku mbali kunapotea imewasumbua watu kwa karne nyingi. Miwani zilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13, na zile za mwanzo zilikuwa hizi hizi za wazee za kusomea. Chanzo hakijabadilika. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayojivuta ili uone karibu, na ikifika miaka 40 hivi inakuwa imeshakakamaa. Hamna cha uchawi wala cha simu kuharibu macho. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1975, jengo la Soko la Kariakoo lilipofunguliwa, leo yuko kwenye hamsini, na kuna uwezekano mkubwa anashika simu kwa mkono ulionyooka.

Na sio wachache. Utafiti wa Zanzibar uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 40 kwenda juu, karibu 89 wana tatizo hili. Lakini katika kila 100 wenye uhitaji, waliokuwa na miwani hawakufika hata 18. Kwa fundi cherehani anayetunga uzi kwenye sindano, hapo ndo mkate unapoanza kupotea.

Mzee mmoja aliyechoka kubadilisha miwani alikuwa Mmarekani Benjamin Franklin, balozi wa nchi yake Ufaransa. Kwenye barua ya mwaka 1785 alieleza kwamba alikuwa akitembea na miwani mbili, akaona ni usumbufu, akaagiza lenzi zikatwe nusu na kuunganishwa kwenye fremu moja: juu ya mbali, chini ya karibu. Mezani akaweza kuona chakula chake na pia uso wa anayeongea naye, na kwa kuwa Kifaransa hakikuwa kimemkaa sawasawa, kuona sura ya msemaji kulimsaidia kuelewa. Hiyo ndo baifokali, ile yenye mstari katikati ambayo babu wengi wamevaa.

Ila mstari una gharama zake. Jicho likivuka pale, picha inaruka. Na vitu vya katikati, kama mizigo kwenye shelfu au leo hii kompyuta ya dukani, haviko juu wala chini. Mwaka 1907 Mwingereza Owen Aves alisajili wazo la lenzi inayobadilika nguvu polepole bila mstari, lakini halikufika madukani. Aliyefanikiwa ni mhandisi kijana wa Kifaransa, Bernard Maitenaz. Inasimuliwa kwamba alijaribu miwani ya baba yake yenye mstari, akashangaa mzee anaishije na dunia iliyokatwa vipande viwili. Mwaka 1959 lenzi yake, Varilux, ikaingia sokoni. Dunia ikapata progresivu.

Sasa ukiitazama historia yote hiyo, kitu kimoja kinajirudia: kadiri miwani ilivyoboreshwa, ndivyo ilivyozidi kuwa ya mtu mmoja. Ile ya ubaoni ina nguvu sawa macho yote mawili, anaweza kuivaa yeyote. Progresivu haiko hivyo. Juu ni mbali, katikati ni umbali wa mkono, chini ni kusoma, na pembeni kuna ukungu kidogo. Ile njia nyembamba ya kuonea lazima ikae mbele ya mboni hasa. Kwa hiyo fundi anapima nguvu ya kila jicho, umbali kati ya mboni, na kimo cha mboni ndani ya fremu aliyoichagua mvaaji, ikiwa imekaa usoni kwake. Ndo maana huwezi kumnunulia mama kimya kimya ukamvalisha siku ya bethidei. Zawadi yenyewe ni kumpeleka.

Akipimwa vizuri, anaweza pia kugundulika presha ya macho au madhara ya kisukari mapema. Machinga, hata awe mwaminifu vipi, hawezi kukuonyesha hayo. Muhimbili na CCBRT wana huduma za macho, na maduka ya miwani yapo kibao Posta.

Mkifika, mzee aseme kazi yake. Muuza duka anayetazama mteja, shelfu na risiti ndani ya dakika moja, progresivu inamfaa. Fundi anayeshinda ameinamia cherehani anaweza kutosheka na ya kusomea peke yake, tena kwa bei nafuu zaidi. Fremu isiwe nyembamba sana, maana sehemu ya kusomea itakatwa. Ulizeni bei ya lenzi na ya fremu kila moja peke yake, na ulizeni mapema kama wanarekebisha asipoizoea.

Siku za mwanzo anaweza kuona kizunguzungu. Mwambieni ageuze kichwa badala ya kukata jicho pembeni, na kwenye ngazi za maghorofa ya Kariakoo ainamishe kidevu ili aone vidato kupitia juu ya lenzi. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Zikipita na bado anahangaika, arudi dukani wampime upya. Asiifungie kabatini, maana huyo huyo kesho atamwomba mjukuu amsomee meseji ya muamala, na pesa za mtu sio za kusomewa na kila mtu.