Kusema wazi, Juba 1947

Mikutano na mashirika hapa Juba hufunguliwa vilevile: jamani, leo tuwe "frank". Mimi niliyejifunza Kiswahili Kakuma hutafsiri, "semeni wazi". Siku moja mzee mmoja akasema wazi kweli, na kwenye ripoti wakaandika kwamba alikuwa "blunt". Tangu siku ile haji.

Waingereza hawayapimi maneno haya kwa mizani moja. "Frank" limetokana na Wafaranki, waliokuwa watu huru katika nchi waliyoiteka. Asiye mtumwa ndiye anayesema. "Candid" latoka kwenye Kilatini cha weupe, mtu asiye na hila. "Blunt" ni kisu butu, kinaumiza bila kukata. Ajabu, eti sisi mtu wa namna hiyo tunamwita mwenye ulimi mkali! Na "outspoken" mara nyingi ni yule ambaye wenzake walitaka anyamaze.

Sasa turudi nyuma. Tarehe 12 na 13 Juni 1947, hapa hapa Juba, Katibu wa Utawala James Robertson aliongoza mkutano wa kuuliza kama Kusini itaketi na Kaskazini katika baraza moja la kutunga sheria. Chifu Lolik Lado alisema msichana akiposwa huomba muda asikie habari za kijana kwa watu wengine kabla hajakubali. Hiyo si "frank" wala "blunt". Kwetu ni kufumba, na bado maana yake iko wazi kama mchana: hatujawaamini. Lakini chifu huyohuyo alisema pia kwamba mababu wa watu wa Kaskazini hawakuwa wapole kama ng'ombe wa kufugwa. Hapo hakumung'unya maneno.

Siku ya pili Clement Mboro na James Tambura wakageuka, wakakubali baraza. Tambura alieleza kwa nini: Jaji Shingeiti alikuwa amesema wasipokubali hawatakuwa na sauti katika serikali ijayo. Kwangu mimi hiyo ndiyo "candid", kutaja kilichokugeuza hata kama hakikupi sifa.

Haya yote tunayajua kwa sababu karani aliandika walichosema. Mzee wetu iliandikwa tabia yake tu. Mimi nilikuwepo, nilimtafsiria. Alisema mgao umepunguzwa na hakuna aliyekuja kutuambia.