Liemba, meli ya reli

Vijana wenzangu, wengi tunaikumbuka Liemba kwa Mei 2015. Warundi walikuwa wamejaa Kagunga, barabara ya gari hakuna, kipindupindu kimeshaingia. Meli ikasimama mbali kidogo, watu wakafikishwa kwa boti, kama 600 kila safari, hadi Kigoma. Halafu mabasi ya Nyarugusu.

Sasa meli kubwa hivyo ilifikaje ziwani? Ililetwa na reli. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, masanduku kama 5000, yakasafirishwa kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kigoma wakaiunga upya, ikaingia majini 1915 kwa jina Graf von Goetzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe, ila kwanza wakapaka injini grisi nzito. Yaani walitegemea kurudi! Waingereza ndio walioiibua, 1924, na kuanzia 1927 ikawa Liemba, mali ya reli ya Tanganyika.

Watu wanapenda kuisimulia kama manowari. Vita vyake havikufika hata miaka miwili. Kazi yake hasa ilikuwa hii: treni inaishia Kigoma, abiria na mzigo wake alikuwa akiendelea kwa meli, kijiji kwa kijiji, mpaka Mpulungu kule Zambia. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikawekewa dizeli.

Na kabla ya Kagunga, mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, hiyohiyo iliwavusha wakimbizi Wakongomani kurudi kwao.