KUSOMA KWA ZAMU: HISTORIA FUPI YA VYAMA VYA WASOMAJI WA HADITHI ZA MAAJABU NA ZA KISAYANSI

0. Utangulizi

Historia ya fasihi imezoeleka kuandikwa kana kwamba ni historia ya watunzi peke yao. Tunamtaja mtunzi, mwaka wake wa kuzaliwa na orodha ya vitabu vyake. Msomaji tunamwacha nje ya mlango. Hata hivyo, ziko tanzu zisizoweza kuelezwa pasipo wasomaji wake, kwa sababu ni wao waliozikuza. Miongoni mwa tanzu hizo ni hadithi za maajabu, yaani zile zinazojenga ulimwengu wenye kanuni zake mbali na wetu, na hadithi za kisayansi, zile zinazoukuza ujuzi wa leo ili kubuni mambo ya kesho.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi wasomaji wa tanzu hizo walivyojiwekea malengo ya kusoma pamoja, hasa kati ya mwaka 1926 na 1953. Jambo gani liliwafanikisha, na jambo gani liliwatenganisha. Swali hili si la udadisi mtupu. Mahali ambapo nakala moja ya riwaya hungojewa na wanafunzi wengi, namna ya kusoma kwa pamoja ndiyo huamua kama kitabu kitasomwa au kitabaki jina tu katika maelezo ya mwalimu.

1. Oxford: wauma makaa

Mwaka 1926, J. R. R. Tolkien, mwalimu wa lugha ya kale ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Oxford, aliwakusanya wenzake katika chama kidogo kilichoitwa Kolbítar. Neno hilo ni la Kiaislandi, na maana yake ni «wauma makaa»: watu wanaokaa karibu mno na moto wakati wa baridi hata wakaonekana kama wanayatafuna makaa. Chama kilikuwa na lengo moja lililo wazi: kuzisoma hekaya kuu za kale za Iceland, ziitwazo saga, katika lugha yake yenyewe, hadi ziishe.

Utaratibu wao unastahili kuangaliwa kwa makini. Kila mmoja alisoma na kufasiri papo hapo, kwa zamu, na kila mmoja alipewa sehemu kwa kadiri ya uwezo wake. Tolkien aliyeimudu lugha hiyo aliweza kuchukua kurasa nyingi; C. S. Lewis, aliyejiunga akiwa bado mwanafunzi wa lugha hiyo, alichukua chache. Hakuna aliyefukuzwa kwa kuwa na ujuzi mdogo, wala hakuna aliyeruhusiwa kukaa kimya kwa kisingizio hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lengo lilitimia, na chama kikavunjika kwa amani kwa kuwa kazi yake ilikwisha.

Matunda yake hayakukawia. Katika The Hobbit, riwaya ya Tolkien iliyotoka mwaka 1937, jina la mchawi Gandalf na majina ya wale watu wafupi anaosafiri nao yametoka katika ushairi wa kale wa watu wa kaskazini. Kisha kundi jingine, lililoitwa Inklings, liliendelea kukutana Alhamisi usiku katika vyumba vya Lewis, safari hii wakisomeana miswada yao wenyewe. Humo Lewis alisoma Out of the Silent Planet, hadithi ya safari ya kwenda Mirihi iliyochapishwa mwaka 1938. Humo pia Tolkien alisoma sehemu za The Lord of the Rings, miaka mingi kabla haijachapishwa mwaka 1954 na 1955. Waliokuwa wasomaji wenza wakawa wakosoaji wa kwanza, na wakosoaji wakawa sababu ya mtunzi kutoiacha kazi njiani.

2. Marekani: barua zenye anwani

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 1926, ng'ambo ya bahari, Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg, alitoa toleo la kwanza la jarida Amazing Stories huko New York. Toleo hilo lilijaa hadithi za watunzi waliokwisha kujulikana: Jules Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Lililokuwa jipya lilikuja baadaye: kurasa za barua za wasomaji, ambamo jina na anwani ya mwandikaji vilichapishwa kwa ukamilifu. Hapo msomaji aliyedhani yu peke yake katika mji wake aligundua kwamba kuna mwenzake mtaa wa pili, akamwandikia barua pasipo kupitia kwa mhariri.

Kutokana na barua hizo vikazaliwa vyama. Mwezi wa Desemba mwaka 1929, vijana wa New York, wengi wao wa umri wa shule ya sekondari, waliunda chama kiitwacho Scienceers. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa Warren Fitzgerald, mtu mweusi aliyewazidi umri, na mikutano ilifanyika nyumbani kwake Harlem. Jambo hili tungependa msomaji alikumbuke: moja ya milango ya kwanza ya historia hii ilifunguliwa na mtu mweusi, katika nyumba yake mwenyewe.

Mwaka 1934 Gernsback aliunda Science Fiction League, umoja uliokuwa na matawi katika miji mbalimbali. Tawi la Los Angeles lilidumu kuliko umoja wenyewe. Mwaka 1937 alijiunga nalo kijana Ray Bradbury, ambaye hakuwa na uwezo wa kwenda chuo kikuu na aliyejielimisha katika maktaba za umma. Kwake yeye chama kilikuwa darasa.

3. Mlango uliofungwa

Ingekuwa kosa kuisimulia habari hii kama maendeleo matupu. Tarehe 2 Julai 1939 ulifunguliwa New York mkutano ulioitwa wa dunia, uliohudhuriwa na watu wapatao 200. Mlangoni wanachama sita wa kundi la Futurians walizuiwa kuingia, miongoni mwao Donald Wollheim, Frederik Pohl na Cyril Kornbluth. Waandaaji walihofu siasa zao za mrengo wa kushoto na vijikaratasi vyao. Isaac Asimov, mwenzao katika kundi hilohilo, aliingia.

Wakati ulitoa hukumu yake. Pohl na Kornbluth waliandika pamoja The Space Merchants, riwaya iliyokosoa utawala wa matangazo ya biashara, iliyotoka kama kitabu mwaka 1953. Wollheim akawa mchapishaji mkubwa. Waliofungiwa nje ndio waliokuja kuushika utanzu. Hapa tunaona udhaifu wa kila chama cha wasomaji: lengo la kusoma likisahauliwa, swali la nani ni mwenzetu huchukua nafasi yake.

4. Orodha na mipaka yake

Mwaka 1953, katika mkutano wa Philadelphia, zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo zinazobeba jina la Hugo Gernsback. Riwaya ya kwanza kushinda ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester. Kwa kuwa wapigaji kura ni wasomaji wenyewe, orodha ya washindi imekuwa kwa wengi mpango wa kusoma: wanagawana vitabu, wanajadiliana kimoja baada ya kingine, wanaweka alama wanapomaliza.

Orodha husaidia, lakini nayo ina mlango. Samuel Delany, mtunzi mweusi wa Marekani, amesimulia jinsi mhariri John W. Campbell alivyoikataa riwaya yake Nova, ambayo ilitoka mwaka 1968, akidai kwamba wasomaji wake hawakuwa tayari kwa mhusika mkuu mweusi. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2016 ndipo N. K. Jemisin akawa mtunzi mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya Hugo ya riwaya. Toka nyumba ya Fitzgerald hadi siku hiyo ilipita miaka 86. Anayesoma orodha peke yake bila kuuliza ni nani aliyeachwa husoma nusu ya historia.

5. Rafu yetu

Je, sisi tuna nini cha kusoma kwa zamu? Mwaka 1863 Jules Verne alirusha puto la hadithi yake kutoka Zanzibar, likavuka bara lote kuelekea magharibi. Waafrika walikuwa chini, wakitazamwa. Katika Jazz et vin de palme ya mwaka 1982, Emmanuel Dongala wa Brazzaville, ambaye pia ni mwanakemia, aligeuza mambo: wageni kutoka angani wanashuka kwetu, nao wanashindwa kwa muziki na mvinyo wa mchikichi.

Katika Kiswahili rafu si tupu. E. Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, riwaya ya safari ya kwenda ulimwengu mwingine ambao jina lake, likikatwa vizuri, husema «wale ni sisi». Said Ahmed Mohamed alifuata na Babu Alipofufuka mwaka 2001, na K. W. Wamitila na Bina-Adamu! mwaka 2002. Vitabu vitano hivi vinaweza kumalizwa na kundi moja katika mwaka mmoja wa masomo. Tena ni vitabu vigumu: msomaji wa Nagona aliye peke yake huweza kukata tamaa mapema, ilhali kumi waliokaa pamoja watasaidiana kufumbua.

6. Hitimisho

Historia hii imetufundisha mambo matatu. Lengo liwe na mwisho, kama saga za wauma makaa, ili watu wajue wanakwenda wapi. Zamu igawanywe kwa kadiri ya uwezo, ili aliyeanza jana naye asome. Mlango ubaki wazi, kwa maana anayezuiwa leo huenda ndiye mtunzi wa kesho. Hakuna hata moja katika hayo linalodai fedha nyingi. Nakala moja, sauti moja baada ya nyingine, na masikio yanayosikiliza vyatosha kuanza. Ndivyo tenzi zilivyosomwa katika pwani ya Waswahili tangu zamani, kabla watu wa Oxford hawajausogelea moto wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.