Metali Iliyokubaliwa na Mfupa

Mfupa, ewe msomaji, si kitu kikavu kama boriti ya nyumba. Ni kiungo kilicho hai, chenye damu, nacho hujijenga au kujipunguza kwa kadiri ya mzigo kinaoubeba. Tabibu Mjerumani Julius Wolff aliieleza tabia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1892. Likumbuke jambo hili, maana ndilo linalowasumbua wahunzi wa vyombo vya tiba hata leo.

Titaniamu iligunduliwa mwaka 1791 katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza, na kasisi William Gregor. Kwa kuwa hushikamana mno na oksijeni, haikupatikana safi mpaka mwaka 1910, kwa kazi ya Matthew Hunter wa Marekani. Mchanga wenye madini yake uko hata kwetu Kwale, ambako meli zilianza kuuchukua mwaka 2014 hata uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024; lakini sehemu kubwa ya madini hayo duniani hufanywa rangi nyeupe.

Mwaka 1952 daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura, kwa kijumba kidogo cha titaniamu alichokipachika mguuni. Kazi ilipokwisha alitaka kukitoa. Hakikutoka! Mfupa ulikuwa umekua, ukakishika kama mti ushikavyo ardhi. Mwaka 1965 alimtilia meno ya namna hiyo mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Wenzake wengi walimdhihaki, na heshima yake haikuenea ng'ambo mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982. Mgonjwa yule alikaa na mizizi yake ya titaniamu zaidi ya miaka 40.

Jino ni dogo. Nyonga hubeba mwili mzima. Hapo waganga waliazima aloi iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ndege, yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4. Nguvu ilikuwa nayo, ila ilikuwa kakamavu mno. Ukikadiri ukakamavu wa mfupa mgumu kuwa 20, aloi hiyo ni 110, na chuma cha pua hufika 200. Je, waona hatari yake? Kilicho kikakamavu huuchukua mzigo wote, na mfupa wa jirani, ukikosa kazi, hukonda. Chombo hulegea, na mgonjwa hurudi kupasuliwa tena, pengine katika uzee wake.

Vanadiamu nayo ilihofiwa kuwa sumu, na wataalamu wa Uswisi wakaweka niobiamu mahali pake. Niobiamu ikitiwa kwa wingi, pamoja na zirkoniamu au tantalamu, huleta faida ya pili: huifanya titaniamu iliyopoa ihifadhi mpango wa atomi ambao kwa kawaida huonekana juu ya nyuzi 882 za Selsiasi, na mpango huo hunyumbuka zaidi. Baadhi ya aloi hizo zimeshuka hata karibu na 55.

Ila kinachonyumbuka kwa urahisi mara nyingi huchoka upesi, na mguu mmoja hupiga hatua kiasi cha milioni moja kwa mwaka. Ndiyo sababu shina la nyonga, katika hospitali nyingi, lingali likifuliwa kwa aloi ile ile ya ndege.