Lami Ndiyo Mkaguzi

Wafaransa walilipa gari la milango miwili jina lenye maana ya kitu kilichokatwa, yaani gari lililofupishwa. Jina hilo likiandikwa kwa matamshi yetu linasomeka "kupe". Kwa wafugaji wa Kilosa, ambao hupambana na kupe mwaka mzima, hilo si jina la kumpa mtu mali yake. Kwa hiyo vijana huliita tu gari la spoti, na kila mtu huelewa kwamba ni lile gari la chini, lenye pua ndefu na nafasi ndogo nyuma, ambalo mwenyewe haachi kulibadilisha: leo springi, kesho rimu, keshokutwa ekzosi.

Nia yangu si kuwacheka vijana hao. Nataka kueleza historia ya jambo moja linalowasumbua wengi wao, nalo ni mtetemo wa magurudumu. Wengi hudhani kwamba mtetemo huletwa na barabara mbovu. Mimi nasema kinyume chake: barabara mbovu huuficha, na barabara nzuri huufichua.

Tuanze na reli, maana Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na Kilosa ipo katikati ya safari hiyo. Kabla ya hapo mizigo ya njia ya misafara ilibebwa na mabega ya watu, na bega halina haja ya kusawazishwa kwa mashine. Lakini garimoshi la mvuke lilikuja na magurudumu mazito yaliyoungwa na vyuma vya kusukumia. Upande wa gurudumu ulioshika vyuma hivyo ulikuwa mzito kuliko mwingine. Kama lingeachwa hivyo, lingezipiga reli kama nyundo kila lilipozunguka. Kwa sababu hiyo mafundi waliweka upande wa pili kipande cha chuma chenye umbo la mwezi mchanga ili kurudisha uzani. Kwa hiyo watu wa Kilosa waliona magurudumu yaliyosawazishwa zamani sana, miaka mingi kabla ya gari la spoti kupita kwao.

Magari ya barabarani yalichelewa kupata somo hilo, na sababu yake ni barabara zenyewe. Mnamo Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba. Malori yakamiminika katika barabara ya Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi na Iringa kwenda kusini. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, ikawa vumbi kiangazi na tope masika. Malori mengi yaliharibikia humo, hata wageni wakaibandika jina la barabara ya jehanamu. Dereva wa wakati ule akikuambia gari linatetemeka ungemcheka. Kila kitu kilitetemeka: usukani, milango, mapipa, na meno yake mwenyewe. Nani angeweza kupambanua mtetemo wa gurudumu moja katika kelele hizo zote?

Lami ilipowekwa, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, hali ikabadilika. Barabara ilinyooka kupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Sasa gari liliweza kufika kilomita 90 au 100 kwa saa na kubaki hapo kwa muda mrefu. Ndipo usukani ulipoanza kusema. Gari lililotoka Kilosa kupitia Ulaya (Ulaya yetu sisi, kijiji kilicho kwenye njia ya Mikumi) lilikuwa kimya kwa mwendo wa pole juu ya udongo. Lilipoingia kwenye lami pale Mikumi na kuongeza mwendo, lilianza kutikisika kama mwenye homa. Mara nyingi kosa lilikuwa tope tu. Tope la Kilosa huingia ndani ya rimu, hukauka na kung'ang'ania upande mmoja.

Hesabu yake si ngumu. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 60, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka karibu mara 15 kila sekunde. Gramu 30 za tope, uzito mdogo kabisa, zikikaa sentimita 18 kutoka katikati, huvuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5, mara juu, mara chini, mara 15 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 50, nguvu hiyo haipungui kwa nusu tu, inabaki robo. Kosa ni lile lile, ila mwendo umelipa sauti.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikitazama gari la milango miwili likipambana na barabara zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Sisi Watanzania tulijivunia Bert Shankland, Mskoti aliyeishi nchini kwetu, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo hata mwalimu mkuu au daktari wa wilaya angeweza kulitumia. Mwaka 1971 lilishinda gari la aina nyingine kabisa: Datsun 240Z, gari la spoti lenye injini ya silinda 6, likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo, na Shankland wa tatu. Mwaka 1973 Mehta alishinda kwa 240Z, baada ya yeye na Harry Källström wa Datsun nyingine kumaliza wakiwa na pointi sawa. Ilibidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari lile halikutolewa dukani na kutupwa katika tope. Lilibadilishwa, lakini angalia lilivyobadilishwa. Halikushushwa chini, liliinuliwa. Bodi iliimarishwa, na bamba likafungwa chini ya injini kuikinga na mawe. Kila badiliko lilijibu swali lililoulizwa na barabara. Hata yale magari ya kuuzwa kwa watu wa kawaida hayakuachwa. Katika 240Z za mwanzo, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zilikaa kwa pembe isiyofaa. Mwaka 1971 kiwanda kikaisogeza difu nyuma kidogo ili shafti zinyooke. Watengenezaji wenyewe, pamoja na vikombe vyao, hawakuona haya kurekebisha walichokwisha kukiuza.

Miaka michache iliyopita kijana wa ukoo wetu alikuja Kilosa na gari la milango miwili kutoka Japani, lililoagizwa likiwa limekwisha kutumika. Alikuwa amelifanyia mabadiliko katika gereji moja ya mjini: springi zimekatwa ili gari lishuke, na rimu pana zimefungwa.

"Shikamoo, babu. Gari langu linaogopa lami," aliniambia.

"Marahaba. Haliogopi, linasema. Twende kwa fundi."

Fundi wetu ni mtu wa utaratibu. Kwanza aliosha rimu kwa ndani na kupima upepo. Kisha akauliza: "Unaisikia wapi, kwenye usukani au kwenye kiti?" Kijana akajibu, kwenye usukani. Fundi akayapeleka magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akamtuma ajaribu. Mtetemo ukahamia kwenye kiti. Basi, ugonjwa ulikuwa kwenye magurudumu yale mawili, haukuwa kwenye stelingi wala boljointi. Yakapelekwa Morogoro kusawazishwa kwa mashine na kubandikwa vipande vya risasi. Mtetemo ulipungua, lakini haukwisha.

Ndipo fundi alipotoa gurudumu na kupima tundu la katikati ya rimu. Lilikuwa milimita 73, na kitovu cha gari milimita 60. Rimu zilitengenezwa ziingie magari mengi, na hakuna aliyeweka ringi ya kujaza nafasi hiyo. Gurudumu lilining'inia kwenye nati peke yake, na kila lilipofungwa lilikaa pembeni kidogo. Mashine ya Morogoro isingeweza kuliona kosa hilo, maana yenyewe hulikamata gurudumu katikati barabara. Fundi wa kukereza alichonga ringi za alumini, nati zikakazwa kwa kukingamana huku gurudumu likiwa hewani, na usukani ukatulia. Kuhusu springi zilizokatwa, fundi alikataa kumrudishia gari hadi zipatikane nyingine kamili. "Hizi," alisema, "hazitetemi. Zenyewe zitanyamaza mpaka siku ya msiba."

Neno hilo limenikaa moyoni. Mtetemo ni kero, lakini ni kero ya kirafiki, kwa kuwa hutoa taarifa kabla ya madhara. Anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie, au anayejifunza kuuruka kwa kukimbia zaidi (maana mitetemo mingine hupungua ukipita mwendo fulani), anafukuza mlinzi wake. Nati hulegea, boljointi hulika, tairi huisha upande mmoja. Na barabara ya Mikumi haina huruma kwa gari lisiloshikika. Jioni nyati au twiga huweza kuvuka bila kubisha hodi, na mbele yake kuna basi lililojaa watu. Matuta na mabango ya mwendo yamewekwa humo kwa sababu, si kwa kuwachosha madereva.

Kwa hiyo kijana anayebadilisha gari lake na afanye hivyo kwa roho safi, ila aulize swali walilouliza waliotengeneza magari ya Safari: badiliko hili linajibu nini barabarani? Na akitoka Kilosa msimu wa mvua, asimame Mikumi kabla ya kuingia hifadhini. Akwangue tope ndani ya rimu zote nne na akaze nati. Ni kazi ya robo saa.