Wasichana Walitangulia

Siku hizi ukitaja klabu ya vijana nchini Uingereza, wengi hufikiria wavulana na mpira. Lakini shirika la hisani la UK Youth, lenye mtandao wa klabu nchi nzima, lina asili yake kwa wasichana washona nguo.

Mwaka 1880 Maude Stanley, binti wa kabaila, alifungua klabu ya wasichana wafanyakazi mtaani Soho, London. Wengi wao walishona tangu asubuhi hadi usiku, kisha wakarudi kwenye vyumba vya kupanga ambamo hata pa kukaa hapakuwapo. Klabuni walipata moto wa kuota, vitabu, nyimbo na masomo ya jioni. Tusiwapambe waanzilishi kupita kiasi: mabibi wale walitaka pia kuwafunza wasichana adabu za tabaka lao.

Wengine waliona mbali zaidi. Mwaka 1895 Emmeline Pethick na Mary Neal walianzisha klabu ya Espérance. Haikuwachukua muda kung'amua kuwa kumwimbisha binti jioni hakumsaidii sana ikiwa mchana kutwa ananyonywa. Kwa hiyo wakafungua kiwanda chao cha kushona, ambako kazi ilikuwa saa 8 kwa siku na mshahara haukupungua shilingi 15 kwa wiki. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sura bora kuliko zote katika historia hii.

Lily Montagu, binti wa tajiri wa benki, naye alikuwa na klabu ya wasichana wa Kiyahudi tangu 1893. Yeye ndiye aliyesukuma klabu ziungane, na mwaka 1911 ukaundwa umoja wa taifa wa klabu za wasichana. Wavulana walipata chama chao cha taifa mwaka 1925.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyochanganya mambo. Novemba 1939 serikali ilitoa waraka uliofanya malezi ya vijana kuwa sehemu ya huduma ya elimu, na klabu zilizopokea wasichana na wavulana pamoja zikaongezeka. Umoja ukaandika klabu mchanganyiko katika jina lake, na kufikia miaka ya 1960 neno wasichana lilikuwa limefutwa kabisa.

Katika kipindi hicho Josephine Macalister Brew, mtaalamu wa elimu wa umoja huo, alichapisha kitabu kuhusu elimu isiyo rasmi mwaka 1946. Alishikilia kuwa kijana hujifunza mengi katika mazungumzo na dansi, bila kuhutubiwa.

Leo umoja huo, kwa jina la UK Youth, huzitafutia klabu fedha, hufunza wahudumu wake na kuzisemea serikalini. Kazi hiyo imekuwa ngumu tangu 2010, kwani serikali za mitaa zimepunguza mno bajeti za vijana. Klabu nyingi zimefungwa, na nyingi kati ya zilizobaki zinategemea watu wa kujitolea.